Methusela Alivyoondoka Wakati wa Sala

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2015. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala bondeni mzito kama uji, na kutoka barazani kwake Verlin Caudill hakuweza kuuona hata mlima uliokuwa ng'ambo ya barabara. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imekatika usiku. Vyura walipiga kelele kijitoni. Verlin alisimama na kikombe cha kahawa, akajipapasa mfuko wa kushoto, akajipapasa wa kulia, kisha akarudi ndani.

"Unatafuta nini tena?" mkewe Loretta alimwuliza kutoka jikoni.

"Funguo za Methusela."

Loretta aliweka mwiko chini. "Umetazama kwenye friji?"

Ulikuwa utani, lakini si utani mtupu. Juma lililopita funguo hizo zilikutwa humo, juu ya sahani ya siagi, na katika nyumba ya watu wawili hakuna wa kusingiziwa. Verlin hakukumbuka kabisa kuziweka. Na mama yake, marehemu Oma, alianza hivyohivyo: kwanza funguo, halafu viatu ndani ya oveni, mwisho akawa anamwita Verlin kwa jina la baba yake na kumwuliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Hali hiyo ilimwanza akiwa na umri kama huu wa Verlin sasa.

Funguo zilikuwa msumarini, mahali pake pa kila siku. Alizichukua na kuzifumbata kiganjani mpaka zikapata joto. "Bwana," alisema kimoyomoyo, "uniachie akili yangu. Mengine yote unaweza kuchukua."

Methusela lilikuwa lori la jeshi, la magurudumu kumi, kongwe kuliko ndoa ya Verlin na Loretta. Jeshi lilipolichoka lilikabidhiwa kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha kijiji chao, Hominy Gap, nao wakalipaka rangi nyekundu na kulibebesha tangi la maji. Majani makavu yalipowaka milimani, hakuna gari jingine lililoweza kupanda zile njia za wakata magogo. Na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuliendesha kama Verlin. Verlin alikuwa ameshusha makaa ya mawe kwa lori kutoka milima ile tangu ujanani, kwenye matope na kwenye barafu, mpaka migodi ikafungwa. Baada ya hapo kilichombakia ni kile kiti kigumu cha Methusela. Akiwa amekalia kiti kile, alijijua yeye ni nani.

Vuli iliyopita, wakishuka Mlima Pilot na tangi lililojaa, bomba la breki lilipasuka. Lori hilo la zamani lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Likipasuka bomba moja, yote yamekwenda. Verlin alilishusha kwa gia, akilikwaruza ubavu kwenye ukingo wa mlima, na shemeji yake Arlis kando yake akiimba pambio kwa sauti ya juu, maana hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Walipofika chini, Wanda Fugate, mkuu wa kikosi, aliwaambia neno moja: "Breki mpya, au lori linarudi serikalini."

Ndiyo maana tangu wiki ile Methusela alikuwa ndani ya jengo la zimamoto akifanyiwa breki upya. Arlis Noble, kaka yake Loretta, ndiye aliyekuwa fundi. Alikuwa fundi wa malori hayohayo kwenye jeshi la akiba miaka mingi, na mikono yake ilinuka dizeli hata siku ya Pasaka. Alifunga pampu mpya yenye njia mbili, moja ya magurudumu ya mbele na moja ya nyuma, ili moja ikifa nyingine ibaki. Alifunga viatu vipya vya breki, vile vyuma vinavyobana ngoma ya gurudumu, kwenye magurudumu yote. Na ile breki ya mkono, ambayo ndiyo ya dharura, aliitengeneza upya kabisa.

"Shemeji," Arlis alisema Verlin alipoingia asubuhi ile, "vuta huo mkono, halafu uniambie kama umewahi kuona kitu kama hicho."

Verlin alipanda, akavuta. Mkono ulipanda ukiwa mzito na ukakaza kabisa.

"Umekaza," alisema.

"Umekaza? Hiyo inaweza kushika mlima usihame! Mtu anafanya kazi ya sanaa, anaambiwa 'umekaza'. Loretta anaishije na wewe?"

"Anakula vizuri."

"Hilo naliona mimi kwenye viti vya kanisa."

Walifanya kazi mpaka ukungu ukapanda na jua likaingia. Magurudumu yalikuwa yamerudishwa, lori limesimama chini kwa uzito wake, ila kanyagio la breki lilikuwa bado tupu. Mafuta yangetiwa baada ya chakula. Sakafu ya jengo lile ilikuwa imeinamishwa kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatiririke, kwa hiyo Verlin alikuwa amegongea kabari za mbao chini ya magurudumu ya nyuma. Mlango mkubwa waliufungua wote. Hewa iliingia, ikanukia udongo na maji.

Kila Jumamosi ya kazi, akina mama wa kanisa walileta chakula. Meza ndefu ilipangwa nyuma ya ukumbi, karibu na ukuta: maharage, mkate wa mahindi, kuku wa kukaanga, viazi. Lakini meza ile haikupenda ile sakafu. Sufuria ya maharage ilianza kuteleza yenyewe kuelekea pembeni, Wanda akaidaka.

"Nani alijenga nyumba hii, Nuhu?" Wanda aliuliza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye aproni juu ya suruali ya zimamoto. "Verlin! Hizi kabari zako mnazihitaji sasa hivi? Nataka kuinua miguu ya meza."

Verlin alikuwa akifuta mikono. "Chukua tu, Dada Wanda. Nimevuta breki ya mkono."

Wanda alizigonga kabari kwa kisigino cha buti, zikatoka, akazisukumiza chini ya miguu ya meza. Maharage yakatulia.

"Arlis! Toka huko chini, tunasali."

Miguu ya Arlis ilionekana nyuma ya gurudumu. "Dakika mbili, mama. Nakaza nati moja hii."

"Mungu ndiye wa kukusubiri wewe?"

"Nati nayo ni ya Mungu."

"Arlis Noble!"

Arlis akatoka akijikokota kwa mgongo, akifuta masizi usoni na kuyaeneza zaidi. Wakasimama duara, wakashikana mikono kama desturi yao, wakafumba macho. Mchungaji Estill, mzee mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, akaanza.

Mchungaji Estill hakuwa mtu wa sala fupi. Aliombea chakula na waliokipika. Aliombea wagonjwa, mmoja mmoja kwa jina na kwa ugonjwa. Aliombea mlima usiungue. Alipofika kwa wajane, Verlin alisikia changarawe ikisagika huko nje, polepole, krr, krr, kama gari linalofika. Loretta huyo, alifikiri, na pudingi yake ya ndizi, amechelewa. Hakufumbua macho. Alifundishwa na mama yake kwamba anayechungulia wakati wa sala anamchungulia Mungu.

"...na mkono wako utushike, Bwana, usituachilie. Amina."

"Amina," wakaitika.

Jambo la kwanza Verlin aliloliona ni mwanga. Ukumbi ulikuwa umejaa jua mpaka ukutani, na kwa kitambo hakuelewa kwa nini. Pale ambapo kulikuwa na ukuta mwekundu wa chuma palikuwa na mlango, na nje ya mlango barabara, na ng'ambo ya barabara kijito. Sakafuni lilibaki doa la mafuta.

 Arlis alitazama doa, akatazama dari.

"Limekwenda wapi?" aliuliza, kama mtu anayeulizia kofia yake.

Ndipo kelele ya Loretta ikasikika. Walikimbia wote nje. Gari lake lilikuwa limesimama katikati ya barabara, mlango wazi, na yeye kando yake amelikumbatia bakuli la pudingi. Mbele yake, ng'ambo, Methusela alikuwa ametumbukiza matako kijitoni na kuegemea mkuyu, pua juu, maji yakipita kati ya magurudumu yake ya nyuma.

"Limepita mbele ya boneti yangu!" Loretta alisema.  "Kinyumenyume! Polepole tu, na ndani hamna mtu! Nikasema ni Unyakuo. Dereva amechukuliwa, mimi nimeachwa na pudingi."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Verlin alimshika mkewe mkono. Aliangalia umbali kati ya alama za matairi na boneti ya gari lile, na umbali huo ulikuwa mdogo kuliko ambavyo angeweza kuvumilia. 

"Verlin," Wanda alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Breki uliivuta?"

"Niliivuta."

"Una hakika?"

 Aliukumbuka mkono ulivyokaza. Lakini alijua pia kwamba zile funguo za kwenye friji aliwahi kukumbuka vizuri kabisa kuzitundika msumarini. Mtu hukumbuka kwa kitu gani, kama kitu chenyewe ndicho kinachoharibika?

"Nadhani niliivuta," alisema.

 Karibu wote walikuwa wamemjua Oma. Verlin aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo na kumpa Wanda. Hakuombwa. Wanda alizitazama kitambo, kisha akazitia kwenye mfuko wa aproni.

"Mpaka tujue," alisema.

"Mpaka tujue," Verlin akaitikia. Mfuko wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu mwingine.

Arlis alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake. Alipanda ngazi ya lori, akachungulia ndani, akabaki amechungulia hivyo muda mrefu.

"Wanda," aliita. "Imevutwa."

"Nini?"

"Breki ya mkono. Iko juu kabisa."

"Umeivuta wewe sasa hivi," Verlin alisema.

"Mimi? Sijaigusa hata kwa pumzi. Njoo uone."

Walikwenda, mmoja baada ya mwingine, wakapanda na kuchungulia. Mkono ulikuwa umesimama wima. Wanda aliusukuma kwa nguvu zake zote, na haukutikisika.

"Sasa subirini," Wanda alisema. "Mnaniambia kwamba breki imevutwa, imekaza, ni mpya, na lori limetoka ndani ya nyumba, limevuka barabara, limekuja kunywa maji?"

"Mimi siwaambii kitu," Arlis alisema. "Nimesimama kwenye maji baridi, sielewi."

"Waya umekatika?"

Arlis aliingia chini, akatoka amelowa. "Waya mzima. Viatu vimebana kama taya za mbwa."

Verlin alifurahi kidogo, halafu akaogopa zaidi. Kama hakuivuta, basi ni akili yake, na jambo hilo angalau alilijua jina. Lakini kama aliivuta na bado lori likaenda, basi ni dunia yenyewe iliyoacha kushika. Aliusugua uso. Mchungaji Estill alimkaribia na kusema taratibu, "Ndugu yangu, kuna mambo ya rohoni."

"Mchungaji," Arlis alisema kutoka majini, "kama ni pepo, ni pepo mwenye leseni. Amekata kona vizuri kuliko wewe."

"Leteni trekta," Wanda alisema. "Tulitoe kwanza, tubishane baadaye."

Mchungaji Estill alikuwa na trekta nyumba ya pili. Lilipofika wakafunga mnyororo mbele ya Methusela. Arlis aliingia kushika usukani.

"Nishushe breki?" aliuliza.

Wanda alifikiri. "Usishushe. Iache hivyohivyo. Nataka kuona kwa macho yangu, yakiwa wazi mara hii."

Trekta likanguruma, mnyororo ukakaza. Kwa haki yote, magurudumu ya Methusela yalipaswa kukataa, yaburuzwe na kuchimba mitaro kwenye matope. Hayakukataa. Yalizunguka laini kama ya baiskeli, na lori likapanda ukingo na breki yake ikiwa juu. Watu waliokuwa wakitazama wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Verlin hakuwa akitazama magurudumu. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope kando ya barabara, shavu karibu ligusane na ardhi, na alikuwa akitazama tumboni mwa lori. Aliiona shafti ndefu ya katikati, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya injini nyuma, na juu yake ile ngoma ya breki ya mkono, mpya, safi, imebanwa na viatu vyake. Ilikuwa imetulia tuli. Haikuzunguka hata kwa upana wa ukucha.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Arlis! Shafti ndefu haizunguki!"

"Itazungukaje? Breki imeishika!"

"Lakini magurudumu yanazunguka."

Arlis alitoa kichwa dirishani. "Haiwezekani. Magurudumu yanaungana na..."

Hakumaliza. Verlin alikuwa amegeuza kichwa kuelekea ukumbini, ambako mlango mkubwa ulikuwa ungali wazi. Pale ukutani, nyuma ya meza ya chakula, zilikuwa zimeegemea nondo nene za chuma, zimefungwa magunia ya chakula cha kuku ili zisishike vumbi. Zilikuwa shafti za ekseli. Yeye na Arlis walizichomoa kwa mikono yao wenyewe Alhamisi, kwa kuwa bila kuzichomoa huwezi kutoa magurudumu ya nyuma na kufikia breki zake. Walikuwa hawajazirudisha. Huwa zinarudi mwisho.

"Arlis," Verlin alisema. "Kile kinachounganisha kiko pale karibu na viazi."

Arlis alitazama. Akashuka, akatazama tena. Kisha akaketi palepale kwenye matope, maji yakimtoka viatuni.

"Mungu wangu," alisema. "Breki ya mkono inashika shafti ndefu. Shafti ndefu inashika difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli. Difu inashika magurudumu kwa zile shafti. Na zile shafti tumezitegemeza ukutani kama fagio. Tumefunga mlango kwa komeo, Verlin, na nyumba haina kuta."

"Kwa hiyo aliivuta," Loretta alisema.

"Aliivuta, dada. Angeweza kuivuta mpaka kesho asubuhi."

"Na wewe fundi hukujua?" Wanda aliuliza.

"Nilijua! Nimejua maisha yangu yote. Ila jeshini kabari hazitoki, hakuna anayeziomba kwa ajili ya maharage. Nikamaliza breki, nikaiona nzuri, nikasahau..." Arlis alianza kucheka, halafu kicheko kikamkauka. Alikuwa akitazama pale sakafuni, penye doa la mafuta, mahali alipokuwa amelala chini ya lori kabla ya sala. "Dakika mbili," alisema. "Nilikuomba dakika mbili, Wanda."

 Wanda alikwenda akaketi kwenye matope karibu naye, na aproni yake na yote, akamshika bega. Mchungaji Estill alivua kofia. Safari hii hakusema kitu, na ilikuwa sala yake ndefu kuliko zote.

Verlin alibaki amepiga magoti. Alikuwa akisubiri furaha imfikie. Ilikuja, lakini ilikuja imeshikana mkono na jambo jingine. Aliivuta, kumbukumbu yake ilikuwa ya kweli. Lakini yeye ndiye aliyesema "chukua tu", na alisema kwa kuamini mkono wake ulichohisi. Na bado hakujua jinsi funguo zilivyoingia kwenye friji. Jibu moja lilikuwa limepatikana na jingine halikupatikana, na hayo mawili hayakufutana.

Chakula kilipoa. Walikula hivyohivyo, wamesimama, kabari zikiwa zimerudi chini ya magurudumu ya Methusela na sufuria ya maharage ikishikiliwa kwa zamu. Wanda alikuwa ameagiza kabari ziungwe kwa mnyororo kwenye lori lenyewe, na asiyetaka maharage yake yateleze ajenge meza yake. Baada ya pudingi alimwendea Verlin na kuzitoa funguo kwenye aproni.

"Tumejua sasa," alisema. "Shika."

Verlin hakuzishika. Aligeuka, akawatazama wote: Wanda, Arlis na masizi yake, Mchungaji, akina mama na vijiko vyao. Kisha akamtazama Loretta.

"Mmejua hili la leo," alisema. "Kuna lingine hamlijui. Juma lililopita funguo hizi zilikutwa kwenye friji yangu, na mimi ndiye niliyeziweka, na sikumbuki."

"Mimi niliwahi kuweka meno ya mama kwenye friji," Arlis alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Mwache aseme," Loretta alisema.

Verlin alipokea funguo. Hakuzitia mfukoni. Aliziweka kwenye kiganja cha mkewe, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili, na funguo zikiwa katikati.

"Basi naahidi," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "mbele za Mungu na mbele yenu ninyi nyote. Kabari haitatoka tena kwa neno langu mpaka mtu wa pili ameangalia chini. Na hizi, Loretta, utanipa wewe kila asubuhi tukiitwa kuzima moto. Asubuhi ile utakayonitazama usinipe, sitakuuliza kwa nini, sitabishana, nitamwita Arlis aendeshe, nami nitakaa kando yake niimbe."